Hayati Sokoine na Vita vya Walanguzi

Wapenzi wa sinema za zamani za Marekani wanaijua sana hadithi hii. Mji umekwisha kununuliwa; wakubwa wa polisi wamenunuliwa, na mwenye fedha amekaa nyumbani kwake akitoa amri kwa simu. Ndipo anapotokea askari mmoja asiyenunulika. Fritz Lang alitengeneza filamu ya namna hiyo mwaka 1953, iitwayo The Big Heat, na watu wanaitazama hata leo.

Wenyeji wa Korogwe wana haki ya kusema kwamba filamu haikuwa jambo geni kwao. Vugiri, juu ya milima ya Usambara, ndiko yalikokuwa makao ya jaribio la Waingereza la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, kati ya mwaka 1935 na 1937. Mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Kibarua mmoja auzika mshahara wake ardhini, mwenziwe aupeleka posta. Fedha iliyozikwa yaibwa, mwizi afukuzwa na kukamatwa. Fundisho lenyewe halikuwa baya. Lakini mwizi ni mnyonge aliyemwibia mnyonge mwenziwe, wala wakoloni hawakuwa na haja ya kuwaonyesha watu wetu mwizi aliyeketi ofisini.

Mtanzania aliyewageuza wananchi macho wamtazame mwizi wa aina hiyo ya pili hakuwa mwigizaji. Alikuwa Edward Moringe Sokoine, mzaliwa wa Monduli, aliyezaliwa tarehe 1 Agosti 1938. Alisoma Monduli na Umbwe, akajiunga na TANU mwaka 1961, akaenda Ujerumani kujifunza utawala, akarudi kuwatumikia watu wake. Mwaka 1965 alichaguliwa Mbunge wa Masai. Umasai wa siku zile ulikuwa nchi pana, ukaenea kutoka Ngorongoro hata Kiteto, mpakani mwa Handeni. Kwa hiyo mbunge yule kijana alikuwa jirani wa Wazigua, na wafugaji waliokuwa wakivuka mpaka ule kutafuta maji na malisho hawakuwa wageni kwake.

Alipanda haraka. Naibu Waziri mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Waziri wa Ulinzi mwaka 1972. Na tarehe 13 Februari 1977, siku nane tu baada ya kuzaliwa Chama Cha Mapinduzi, akawa Waziri Mkuu. Alikiongoza kiti hicho wakati wa vita vya kumng'oa Idi Amin, akakiacha mwaka 1980 kwa sababu ya afya yake. Aliporudishwa Februari 1983 aliikuta nchi katika dhiki.

Yafaa vijana waelezwe dhiki hiyo ilikuwaje. Mkata mkonge wa Korogwe alipokea mshahara wake, akaenda dukani na fedha mkononi, akakosa sabuni. Sukari, mafuta ya kula, khanga, dawa ya meno, vyote vilikuwa vya kupanga foleni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya umefungwa, bei ya mafuta imepanda, na gharama za vita hazijalipwa. Hata hivyo bidhaa hazikuwa zimekwisha kabisa. Zilikuwapo maghalani, zikitoka kwa mlango wa nyuma kwa bei ya kuruka, na ufunguo wa mlango ule mara nyingi ulikuwa mkononi mwa mtumishi wa umma aliyekabidhiwa kuzigawa. Bila mtumishi huyo mlanguzi asingepata kitu cha kulangua.

Mwishoni mwa Machi 1983 msako ulianza. Watu walikamatwa nchi nzima, na mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya uhujumu uchumi, ikaundwa mahakama maalumu. Yasimuliwa kwamba wenye mali ya siri waliitupa usiku mitoni na vichakani. Mabunda ya noti yalifukuliwa majumbani, na huenda yule kibarua wa filamu ya Vugiri angecheka kuona matajiri nao wanazika fedha.

Hapa hatupendi kuficha neno. Sheria ile ilirudi nyuma kuwashika waliokamatwa kabla haijapitishwa. Mshtakiwa alinyimwa dhamana, akanyimwa wakili. Pamoja na papa walivuliwa dagaa wengi, wenye viduka vya mashina ya sabuni na debe moja la mafuta. Tena mkulima wa mahindi, kama yule wa Handeni, ambaye tangu vyama vya ushirika vivunjwe mwaka 1976 alitakiwa kuliuzia Shirika la Usagishaji la Taifa kwa bei iliyopangwa, alikuwa na sababu yake ya kumtafuta mnunuzi wa usiku. Mtu anayeona jasho lake likipimwa kwa bei ndogo hawezi kuwekwa fungu moja na bwana ghala. Sheria ile iliwaweka pamoja, na twaona hilo lilikuwa kosa. Serikali yenyewe ililiona, kwani mwaka 1984 ilitungwa sheria nyingine, na mashauri ya uhujumu yakarudishwa katika Mahakama Kuu.

Lakini anayesema Sokoine alijua kushika rungu tu hamtendei haki. Katika mwaka ule ule wa 1983 watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, ndipo yalipoanza mabasi yaitwayo daladala. Na mwezi Novemba mpaka wa Kenya ulifunguliwa. Alifahamu kwamba uhaba ndio shamba la mlanguzi. Yeye mwenyewe aliishi maisha ya kawaida, na hilo ndilo lililompa nguvu ya kumwuliza mkubwa mwenziwe nyumba ile ameijenga kwa mshahara gani. Mwenye doa asingethubutu kuuliza.

Tarehe 12 Aprili 1984 alikuwa akisafiri kwa gari kutoka Dodoma, kwenye kikao cha Bunge, kwenda Dar es Salaam. Gari lake liligongana na gari jingine lililoendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere aliitangazia nchi habari hiyo redioni, na watu walilia barabarani. Minong'ono juu ya ajali ile haijakoma hata sasa, ingawa dereva yule alishtakiwa na kuhukumiwa. Sokoine alizikwa kwao Monduli, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake.

Ajali ilitokea Dakawa. Msafiri atokaye Handeni kwenda Morogoro kwa njia ya Mziha na Turiani huingia katika barabara kuu ya Dodoma pale Magole, na mwendo mfupi baadaye hupita mahali hapo.