Habib Saleh na Mkeka wa Riyadha

Chuoni nilikosomea Kurani, jina la Habib Saleh halikutajwa bila ya kuombewa rehema. Sharifu huyu wa ukoo wa Jamali Leli alitoka Ngazija, akaja Lamu kusoma, na hapo ndipo alipozikwa. Siku hizo elimu ya juu ya dini ilikuwa ni ya wana wa nyumba kubwa. Yeye aliwaketisha mkekani watumwa na wana wao, na wageni maskini. Wakubwa wa mji walinung'unika, wakayasingizia matari ya maulidi. Mimi naona kilichowauma zaidi ni ule mkeka. Msikiti wa Riyadha ukasimama Langoni mwanzoni mwa karne ya 20. Alipofariki mwaka 1935, wanafunzi wake walikwisha kutawanyika mwambaoni, wakifunza.