Apolo alitoka jela, akarudi kulekule

Hebu fikiria ni jioni hapa Laare. Pikapu za miraa zimeshakimbia kuelekea Nairobi, na stori mtaani ni moja tu: yule kijana aliyesingiziwa ametoka rumande, kesi imeanguka. Unadhani atarudi kukaa hapa? Wengi hawarudi. Wanashukia Thika ama Eastleigh, wanaanza maisha mahali ambapo hakuna anayewanyooshea kidole. Na huwezi kuwalaumu.

Leo nataka nikupe maisha ya mtu aliyerudi.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka wa 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ujanani alikuwa mtu wa vita kabla hajawa mtu wa vitabu. Alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi, basi watu wakambandika jina Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya. Mwaka wa 1895 alibatizwa, akachukua jina Apolo, lile la mhubiri wa kwenye Matendo ya Mitume. Hakukaa sana. Alitumwa Toro kufundisha, na mwishoni mwa 1896 akavuka bonde la mto Semliki hadi Mboga. Siku hizi panaitwa Boga, upande wa Kongo.

Huko alikuta nini? Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamefukuzwa na njaa. Chifu wa pale, Tabaro, hakutaka kuwalisha. Apolo akaona dawa ni jembe, akajilimia chakula chake. Watu wakaanza kumsikiliza, na hapo ndipo Tabaro alipokasirika zaidi.

Halafu ikatokea ajali. Kulikuwa na matete ya kujengea, na pamoja nayo mkuki wa Apolo. Dada yake Tabaro akauangukia, akafa. Chifu hakutaka kusikia neno ajali. Kwake yeye, mwalimu alikuwa ameua. Apolo akafungwa, akapelekwa hadi Fort Portal, akatiwa jela kwa damu ambayo hakuimwaga.

Sasa jiweke hapo. Uko ugenini, huna ndugu wa kukusimamia, anayekushtaki ni chifu. Inasimuliwa kwamba humo ndani alikata tamaa kabisa, na usiku mmoja katika ndoto akamwona Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo kwamba hayuko peke yake. Wewe unaweza kuichukulia ndoto hiyo upendavyo. Mimi ninachoangalia ni alichofanya baadaye.

Aliachiliwa. Kurudi Buganda kwao kulikuwa rahisi, na hakuna ambaye angemcheka. Yeye akashika njia ya Mboga, kwa watu walewale, kwa chifu yuleyule. Na Tabaro, mtu aliyemtupa ndani, mwishowe akabatizwa.

Hapo ndipo Biblia ilinifungukia upya. Kila mara tukihubiriwa subira ya mfungwa, tunaambiwa habari za ndani ya jela. Lakini soma vizuri. Yusufu alitiwa ndani kwa uongo wa mke wa Potifa, akasahaulika humo, lakini mtihani wake mgumu ulikuja akiwa huru na mwenye cheo, siku ndugu waliomuuza walipofika kutafuta nafaka. Angeweza kuwarudisha na magunia matupu. Aliwapa chakula. Paulo na Sila nao, kule Filipi, milango ilifunguka usiku kwa tetemeko na hawakukimbia. Askari jela aliyewatia miguu kwenye mkatale ndiye aliyewaosha majeraha usiku huohuo.

Usinielewe vibaya. Sisemi ukionewa nyamaza. Paulo huyohuyo alikataa kutolewa kimyakimya. Alidai wakubwa waliompiga bila hukumu waje wenyewe kumtoa. Subira si kuwa bubu. Dai haki yako, omba dhamana, tafuta wakili, sema hukufanya. Lakini ukishatoka, bado kuna swali moja ambalo korti haiwezi kukujibia: je, ule uchungu nao umeuacha ndani, ama umetoka nao mkononi?

Apolo aliuacha. Mwaka wa 1903 akawa kasisi. Mipaka ya wakoloni ilipobadilika na Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji, bado alirudi huko, akaingia hadi msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani waliwadharau. Mwaka wa 1922 alipewa heshima ya ukanoni wa Namirembe, kanisa kuu la Kampala. Angeweza kuzeekea huko kwa raha, lakini alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kwake.

Kabla ya kufa aliagiza jambo moja. Desturi ilikuwa mtu azikwe kichwa kikielekea kwao, na kwao Apolo ni mashariki, Buganda. Yeye alitaka kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa bado.

Kwa hiyo, yule kijana akishuka stejini hapa Laare kesho na begi lake, usianze kunong'ona. Kurudi kwake ndiko kugumu. Mpishe kwenye benchi, akae.