Simeoni Nsibambi na Skolashipu Iliyokosekana

Somo la wiki: Wafilipi 3:4–11



Wiki hii nataka tuongee juu ya uchungu wa kunyimwa kitu ulichokistahili. Hapa Nakuru tunaujua. Nawaona vijana waliomaliza Egerton wakizunguka na bahasha ya kaki kwenye mageti ya viwanda, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nawaona akina mama wa mashamba ya maua Naivasha waliofundisha kazi watu ambao leo ndio masupavaiza wao. Na mkulima wa Rongai aliyepanda kwa mkopo, mvua ikakataa. Watu hawa si wavivu, na wanaomba. Sasa uchungu kama huo unaupeleka wapi?

Hebu niwaeleze habari za mzee mmoja wa Uganda, Simeoni Nsibambi. Wengi wetu tumekula matunda ya kazi yake bila kulijua jina lake.

Alizaliwa mwaka wa 1897 huko Buganda, mtoto wa chifu. Alisoma Mengo, kisha King's College Budo, shule waliyosoma watoto wa wakubwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, alitumika katika kikosi cha matibabu cha Waafrika na kufika cheo cha sajenti. Baada ya vita akapata kazi ya afya katika serikali ya Buganda, na si kazi ndogo, alikuwa afisa mkuu. Kwa macho ya watu, huyu alikuwa amefika.

Lakini moyo wake ulitaka kitu kingine. Alitaka skolashipu aende kusoma ng'ambo. Alikuwa na elimu, alikuwa ametumika vitani, na familia yake ilijulikana. Skolashipu haikuja. Jambo hilo lilimuuma sana.

Hapo ndipo kila mtu hufika kwenye njia panda. Angeweza kukaa ofisini miaka thelathini akihesabu waliokwenda na kuuliza mbona si yeye. Angeweza kuwachukia. Nsibambi aliupeleka uchungu wake kwa Mungu, na mwaka wa 1922 akakutana naye. Alionyeshwa kwamba hata angeipata skolashipu ile, ingekuwa kitu kidogo mno ukiiweka kando ya uzima wa milele. Tangu siku hiyo alianza kuwaambia watu habari za wokovu.

Mnamo Septemba 1929 alikutana na mtu mwingine aliyechoka. Dakta Joe Church, mmishenari Mwingereza, alikuwa ametoka hospitali ya Gahini kule Rwanda, ambako njaa kali ilikuwa imeua watu wengi. Alikuja Kampala kupumzika, moyo umeisha nguvu. Wakakutana kwenye kilima cha Namirembe. Kwa siku mbili walikaa na Biblia, wakasoma na kuomba juu ya Roho Mtakatifu. Mwafrika na Mzungu, wakati wa ukoloni, wote wamepiga magoti, wote wanakiri kwamba wana njaa ya Mungu. Wakati ule, hiyo ilikuwa ajabu.

Nsibambi aliacha kazi yake ya serikali ili ahubiri. Yaani alikuwa na mke, Eva, waliyeoana mwaka wa 1925, na watoto, na bado akaiacha. Alipunguza mambo yake nyumbani na katika mavazi ili roho za watu ziwe ndiyo kazi yake. Ndugu yake mdogo, Blasio Kigozi, alienda Gahini kufundisha shule, na moto ukawaka huko. Blasio alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, lakini uamsho haukuzikwa naye. Ulienea Rwanda, Uganda, Burundi na Tanganyika. Mwaka wa 1937 timu ya uamsho ilifika Kabete, na kutoka hapo ukaenea Kenya. Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, kuna ndugu wa uamsho waliokataa kiapo na pia wakakataa kushika bunduki, na wengine wakauawa. Ukisikia wazee wakiimba Tukutendereza, jua mizizi yake iko huko.

Kuna mambo matatu nataka tuyashike.

Kwanza, Nsibambi hakujifanya kwamba haumii. Sio eti ukiokoka unacheka tu. Mwambie Mungu jambo lenyewe kwa jina lake: ile kazi, lile shamba, ile promosheni.

Pili, skolashipu haikuja baadaye. Tumezoea shuhuda ambazo mwishowe mlango uleule hufunguka, na Mungu huweza kuufungua. Lakini kwa mzee huyu Mungu alibadilisha kitu alichokitaka, sio tarehe ya kukipata. Kama unaomba mlango mmoja miaka mingi, uliza pia kama kuna kazi nyingine iliyokungoja upande huu.

Tatu, uamuzi wake ulikuwa na gharama na ulidumu. Sisemi kila mtu aache kazi kesho. Watoto wanahitaji chakula na karo. Nasema hasira ya siku moja haitoshi. Kuanzia 1941 Nsibambi aliugua na hakuweza tena kusafiri kama zamani. Angerudia uchungu wa zamani, nani angemlaumu? Alibaki nyumbani, akiwaombea na kuwashauri waliomjia, hadi alipofariki mwaka wa 1978. Hiyo ni miaka 37.

Wiki hii, kabla ya kulala, andika kwenye karatasi jambo moja linalokuuma. Chini yake andika hatua moja utakayoichukua kabla ya Jumapili: kumsamehe mtu, kurudi darasani, kuanzisha kibanda, au kumwambia jirani habari za Yesu. Omba juu ya karatasi hiyo kila asubuhi. Na kama mzigo ni mzito, usiubebe peke yako. Njoo mbele baada ya ibada, wazee watakuombea.

Mungu awabariki.