Eleanor Rathbone, aliyepigania posho ya watoto

ELEANOR Rathbone alizaliwa London mwaka wa 1872 katika ukoo tajiri wa wafanyabiashara wa Liverpool. Katika bandari hiyo alichunguza maisha ya vibarua ambao ujira wao, leo upo kesho haupo, haukujali kama nyumbani mna mtoto mmoja au sita.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alisimamia malipo ya wake za wanajeshi, akabaini kuwa fedha zikipitia mikononi mwa mama, watoto hushiba. Tangu hapo hakunyamaza.

Mwaka wa 1945, akiwa mbunge, aliikabili serikali iliyotaka posho ya watoto akabidhiwe baba. Serikali ikasalimu amri. Shilingi 5 kwa wiki, kiasi kidogo mno, zilianza kulipwa Agosti 1946 kwa kila mtoto isipokuwa wa kwanza. Rathbone alikuwa ameaga dunia Januari.