Sir Robert Torrens, Waziri Mkuu wa Mwezi Mmoja

Ndugu mwanachama aliye na hati ya shamba lake sandukuni, au aliyeiweka rehani benki apate fedha za mbolea, anafaidi kazi ya mtu ambaye pengine hajapata kusikia jina lake. Mtu huyo aliongoza serikali ya koloni moja la Waingereza kwa mwezi mmoja tu. Mawaziri wakuu waliokaa miaka mingi katika makoloni wamesahauliwa. Yeye jina lake hutajwa hata leo katika ofisi za ardhi za nchi nyingi.

Robert Richard Torrens alizaliwa Cork, Ireland, mwaka 1814. Baba yake, Kanali Robert Torrens, alikuwa mtaalamu wa mambo ya uchumi, na ni miongoni mwa waliosimamia kuanzishwa kwa koloni la Australia ya Kusini mwaka 1836. Mwana alisoma Dublin, akafanya kazi ya forodha katika bandari ya London, kisha akasafiri na kufika Adelaide mwishoni mwa mwaka 1840. Huko alikabidhiwa idara ya forodha ya koloni. Hakuwa mwanasheria, na jambo hili lisisahauliwe, maana adui zake hawakulisahau.

Forodhani aliona jinsi merikebu zinavyomilikiwa. Kila merikebu iliandikwa katika daftari la bandari pamoja na majina ya wenye hisa. Ilipouzwa, jina lilibadilishwa daftarini, na mambo yakaisha. Ardhi haikuwa hivyo. Aliyenunua shamba alipewa hati ya mauzo, lakini hati hiyo ilikuwa na nguvu ikiwa tu hati iliyoitangulia ilikuwa halali, na iliyotangulia hiyo vilevile, kurudi nyuma hadi siku serikali ilipoigawa ardhi mara ya kwanza. Kila mauzo yalihitaji wakili ayasome makaratasi yote upya na alipwe upya. Karatasi moja ikipotea, au sahihi moja ikiwa ya uongo, mnunuzi wa mwisho aweza kunyang'anywa shamba alilolilipia kwa haki. Katika koloni lile changa, ambako ardhi iliuzwa na kuuzwa tena kwa pupa, hati nyingi zilikuwa zimekwisha potea.

Koloni lilipopata serikali yake ya kuwajibika mwaka 1856, Torrens alikuwa mtunza hazina katika baraza la kwanza la mawaziri. Mwaka uliofuata alichaguliwa mbunge wa jiji la Adelaide, akapeleka bungeni mswada wa ardhi. Siasa za siku zile zilikuwa za kupinduana. Serikali ya kwanza ilianguka Agosti 1857, ya pili haikumaliza wiki mbili, na tarehe 1 Septemba Torrens akawa Waziri Mkuu. Kabla ya Oktoba kuingia alikuwa amekwisha ondoka. Mtu mwingine angeutumia muda wake kukitafuta tena kiti kile. Yeye aliushikilia mswada wake, ukapita, ukatiwa sahihi Januari 1858. Kisha akafanya jambo la nadra kwa mwanasiasa: akakiacha kiti cha bunge, akaenda kuwa msajili, akae na madaftari.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza, na makatibu wetu watautambua mara moja. Hati hutolewa na serikali kwa nakala mbili: moja hubaki katika daftari, ya pili hupewa mwenye ardhi. Aliyeandikwa ndiye mwenyewe, wala haulizwi habari za wauzaji wa zamani. Rehani huandikwa juu ya hati ile ile, na ikilipwa hufutwa. Kwa aliyepoteza haki yake kwa kosa la ofisi ukawekwa mfuko wa fidia, uliochangiwa kwa ada ndogo. Kuutunga hakukuwa kwa Torrens peke yake. Mwanasheria Mjerumani, Ulrich Hübbe, aliyeujua usajili wa ardhi wa Hamburg, alimsaidia sana, na wako wanaosema kuwa hakupewa sifa iliyomstahili.

Mawakili wengi walikasirika, kwani riziki yao iliguswa. Baadaye serikali ikawapa leseni watu wasio mawakili kuandika hati. Jaji Benjamin Boothby naye alikataa kuzitambua sheria za koloni, hii ikiwamo, hadi bunge la London likalazimika kutunga sheria mwaka 1865 ya kuzithibitisha. Jaji huyo aliondolewa kazini mwaka 1867.

Lakini daftari humlinda aliyeandikwa, na kwa asiyeandikwa huwa kimya. Nchi ya Adelaide ilikuwa ya watu wa Kaurna. Waraka wa mfalme wa mwaka 1836 ulitaka haki yao ya kukaa katika ardhi yao isivunjwe. Ikavunjwa, na hati safi za Torrens zikatolewa juu ya ardhi yao. Mahakama ya Australia iliwatambua mwaka 2018.

Sisi pia twalijua hilo. Sheria ya namna ya Torrens iliwekwa Kenya mwaka 1919. Ilimpa mlowezi hati isiyopingika, huku Mwafrika, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1915 na hukumu ya mahakama ya mwaka 1921, akihesabiwa kuwa mpangaji wa Serikali ya Mfalme, awezaye kuondolewa wakati wowote. Uganda iliipata katika miaka ya 1920, ikatumika kwa ardhi ya mailo ya Buganda. Wakulima Waafrika wa Kenya walianza kuandikishiwa mashamba kwa wingi katika miaka ya 1950, kwa sheria nyingine, na mwaka 2012 sheria zile za zamani ziliunganishwa kuwa moja. Haki haikuja na daftari. Ilibidi idaiwe ili majina yaingie humo.

Torrens mwenyewe hakuyaona hayo. Alizunguka makoloni jirani kueleza kazi yake, na kabla ya mwaka 1875 makoloni yote ya Australia, pamoja na New Zealand, yalikuwa yameifuata. Aliporudi Uingereza akawa mbunge wa Cambridge, 1868 hadi 1874, na akapewa cheo cha Sir mwaka 1872. Alifariki Falmouth tarehe 31 Agosti 1884, akiwa na umri wa miaka 70.