Sam Heron, Fundi Aliyeitoboa Valvu Ili Aiimarishe

Ndugu zetu askari na polisi wanaohudumu katika gereji za vikosi hapa Juba wanaujua msiba huu: lori lapanda mlima na shehena yake, mara injini yagonga kwa kishindo na kuzima. Kichwa cha valvu kimekatika, kikaangukia ndani ya silinda na kuipasua pistoni. Likitokea hilo porini, kikosi hukwama. Likitokea angani, rubani hana pa kuegesha.

Aliyepambana na msiba huo kuliko wengi ni Samuel Dalziel Heron, mzaliwa wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, mwaka 1891. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Farnborough, katika kiwanda cha serikali cha ndege, akichunguza pamoja na Profesa Gibson namna ya kupoza silinda kwa hewa pasipo maji. Elimu hiyo ilizifaa sana nchi za joto. Hata ndege za Imperial Airways zilizopita Juba katika miaka ya 1930, zikielekea Kisumu, zilitumia injini za Bristol zilizopozwa kwa hewa.

Mwaka 1921 Heron alihamia Marekani, akaajiriwa McCook Field, Dayton, kituo cha jeshi cha kujaribia ndege. Alikuwa raia miongoni mwa wanajeshi, wala thamani ya kazi yake haikupungua kwa hilo.

Wengi hudhani kuwa kuimarisha valvu ni kuinenepesha na kuitia springi kali. Hatukubaliani nao. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde. Uzito ukizidi, springi hushindwa kuirudisha kwa wakati. Springi nayo ikizidi ukali, hulivuta shina ambalo moto umekwisha kulilegeza. Adui mkuu wa valvu ya kutolea moshi ni joto. Basi Heron akaifanya iwe tupu ndani, akaitia chumvi iyeyukayo upesi, na baadaye madini ya sodiamu, pasipo kuijaza. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98 za sentigredi. Valvu ikipanda na kushuka, sodiamu hurukaruka ndani yake, ikilichota joto kichwani na kulishusha shinani, na kutoka hapo likapokewa na chuma cha silinda kilicho baridi zaidi.

Mei 1927 Lindbergh alivuka bahari peke yake kutoka New York hadi Paris kwa muda wa saa 33 na nusu. Ndege yake ilikuwa na injini moja tu, Wright Whirlwind, ambayo silinda na valvu zake zilitokana na kazi ya Heron.

Magari ya mbio yakairithi hekima hiyo. Porsche 911, iliyoshika nafasi ya pili nyuma ya Joginder Singh katika Safari Rally ya 1974, ilikuwa na valvu za sodiamu. Mafundi wanaofungua injini kuukuu watahadhari: valvu ya namna hiyo isikatwe kwa msumeno wala isitiwe motoni, kwa maana sodiamu ikigusana na maji hulipuka.

Heron alimalizia utumishi wake katika kampuni ya Ethyl, akishughulikia ubora wa petroli. Mwaka 1961 alitoa kitabu juu ya historia ya injini za ndege, na mwaka 1963 akafariki dunia.