Paul Duvigneaud, mtaalamu aliyeupa mmea wa Katanga jina la kobalti

Kobalti inayochimbwa Dilala na sehemu nyingine za Kolwezi leo imo ndani ya betri za simu na magari duniani kote. Lakini zamani, kabla ya simu hizo, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji alikwisha kuupa mmea mdogo wa vilima hivyo jina la madini hayo.

Paul Duvigneaud alizaliwa mwaka 1913 huko Marche-en-Famenne, akawa profesa wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels. Huko Katanga alivutiwa na jambo moja: msitu wa miombo hukoma ghafla kwenye vilima vyenye shaba na kobalti. Juu yake huota nyasi na maua tu, maana udongo huo ni sumu kwa miti mingi.

Mwaka 1958 alichapisha utafiti kuhusu mimea ya Katanga na udongo wake wenye madini. Mwaka uliofuata, pamoja na mwenzake Plancke, aliutangaza mmea uitwao Crotalaria cobalticola.

Jina hilo lina maneno mawili, kwa utaratibu alioueneza Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. La kwanza ni kama jina la ukoo. Crotalaria ni ukoo wa marejea, ambayo wakulima huipanda kurutubisha mashamba. La pili ni la mmea wenyewe, na maana yake ni mkazi wa kobalti.

Mwaka huohuo wa 1959, wawili hao waliunda ukoo mpya, Haumaniastrum, kwa heshima ya mtaalamu wa mimea Lucien Hauman. Ndimo walimohamishia ua la shaba la Katanga, lililokuwa limewekwa katika ukoo mwingine. Ukoo ulibadilika, lakini jina lake la pili, lenye maana ya wa Katanga, lilibaki, kama kanuni zinavyotaka. Baadaye wanaakiolojia walilifuata ua hilo kutafuta mahali wahenga walipoyeyushia shaba.

Duvigneaud alifariki mwaka 1991. Baadhi ya mimea aliyoipa majina haioti popote duniani ila kwenye vilima hivyo, na vilima hivyo ndiyo madini yenyewe. Kilima kikichimbwa chote, kinachobaki ni jina na tawi lililokaushwa kwenye kabati la watafiti.